Mama mkwe anaota moto wa oveni, baba watoto amekataa msaada wa bure, nifanyeje Shangazi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto 3, niko Dayton, Ohio, tulifika Marekani 2016 kama wakimbizi tukitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Naomba usitaje jina langu maana kanisani kwetu watu wanasoma hii safu halafu Jumapili wanakuangalia kwa jicho la pembeni.

Shida yangu ni nyumba. Tumepanga nyumba ya zamani ya mbao yenye ghorofa, mwenye nyumba anasema ilijengwa miaka ya 1920 na anavyosema utadhani anakusifia. Kipindi cha joto haina neno, ina baraza, watoto wanacheza. Lakini ukifika mwezi wa 11 jamani, upepo unaingia kila mahali. Dirisha la chumba cha watoto nililibandika plastiki kwa gundi ya karatasi, usiku nikilala nao naiona plastiki inatuna, inanywea, inatuna, inanywea, kama kitu kiko hai kinavuta pumzi. Mtoto wa katikati ana pumu, analala na jaketi na kofia. Bili ya gesi ya mwezi wa kwanza ilikuja dola 340, nikajua wamekosea, nikapiga simu, wakaniambia hapana mama, hiyo ndiyo gesi mliyotumia.

Sasa kuna mama mkwe. Ana miaka 67, tunaishi naye. Saa 11 alfajiri ameshaamka, anawasha oveni ya gesi, anaufungua mlango wake wazi, anavuta kiti anakaa mbele na kitenge miguuni kama yuko kijijini anaota moto. Nikimwambia anajibu, "Nife na baridi moto ukiwepo?" na bwana yangu anamtetea. Themostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba, naye anaipandisha mpaka 78 za Farenhaiti halafu anafungua dirisha la jikoni ati hewa ni nzito. Asubuhi nyingi anasema kichwa kinamuuma, na wiki hizi mbili mimi na binti yangu mkubwa pia hivyo hivyo, mimi nadhani ni mawazo na kazi za usiku.

Kuna dada mmoja Mkenya tunafanya naye usafi hotelini, aliniambia kuna mpango wa serikali wanakuja kuziba nyumba isiingize baridi, bure. Kwake walijaza vitu darini, wakaziba matundu, mpaka fanesi, ile mashine ya kupasha nyumba joto, wakambadilishia na hakutoa hata senti. Nikafurahi sana Shangazi. Usiku nikamwambia bwana yangu, akawaka. Kwanza nyumba si yetu, kwa nini tumtengenezee mtu mali yake. Tena sisi si maskini, yeye yuko weahausi mimi hoteli, tukijumlisha ni kama 58,000 kwa mwaka, hiyo misaada ni ya watu wasio na kitu. Tena tukichukua vya bure serikali itaandika na uraia tutanyimwa. Na mwisho akaniambia hivi wewe ulishaona nani anapewa kitu cha bure Marekani, umesahau yule kijana?

Hapo alinishinda maana yule kijana ni kosa langu. Mwaka jana alibisha hodi na beji shingoni, akasema anatoka kwenye mpango wa kupunguza bili, akaomba aone bili yetu ya gesi, akaipiga picha, nikasaini kwenye tableti. Bili haikupungua, ilipanda. Mpaka leo nikisema kitu nyumbani natajiwa huyo kijana.

Na mwenye nyumba namwogopa. Mkataba uliisha, tunalipa mwezi kwa mwezi. Chumba cha nyuma paa linavuja, tulimwambia tangu mwezi wa 7, kila siku ni wiki ijayo wiki ijayo. Naogopa nikimpelekea mambo ya serikali atapandisha kodi au atuambie tuhame.

Nimsikilize mume wangu au niende kimya kimya? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, binti yangu wa miaka 12 ndiye anatutafsiria kila kitu.

Ni mimi Mama wa Watatu

*

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi niko huku Minnesota mwaka wa 22 huu kwa hiyo habari ya plastiki inayovuta pumzi umeniandikia mtu anayeijua.

Mumeo nitafika kwake, mwenye nyumba pia. Ila naanza na ile oveni, na ukishasoma aya hii weka simu chini ukaizime oveni kisha ndio urudi kusoma zilizobaki. Watu watatu nyumba moja wanaumwa kichwa asubuhi, hayo sio mawazo. Umekulia kambini, unajua habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani mlango umefungwa wasiamke. Oveni ya gesi iliyoachwa wazi masaa inaweza kutoa sumu ile ile, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, dalili yake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na mara nyingi ukitoka nje unajisikia nafuu ukirudi ndani kinaanza tena. Na huyo mama anaposema hewa nzito akafungua dirisha, mimi nadhani mwili wake umejua kitu nyinyi hamjakijua. Leo nunua kengele ya kaboni monoksaidi, duka lolote la vifaa vya nyumba wanayo, ya kawaida ni dola 20 na kitu, weka karibu na mnapolala. Ikilia, au mkisikia kizunguzungu, tokeni WOTE nje, mkiwa nje ndio mpige 911. Hata isipolia, piga ile namba ya dharura ya kampuni ya gesi iliyoko kwenye bili, waambie watu watatu wanaumwa kichwa na tulikuwa tunawasha oveni, watakuja kupima. Na muende hospitali, mkifika mtaje kaboni monoksaidi kwa jina, wakiwapima damu wanaweza kuiona. Inawezekana oveni haina kosa na mwenye kosa ni fanesi iliyozeeka huko besmenti, chumba cha chini ya nyumba, au hita ya maji, ndio maana nataka vipimwe, na kupima hivyo vitu ni moja ya kazi za hao watu wa msaada ambao mumeo amewakataa.

Haya. Umeizima?

Huo mpango rafiki yako Mkenya hakukudanganya. Unaitwa Weatherization Assistance Program, upo tangu 1976, ulizaliwa baada ya ile shida ya mafuta ya 1973 ilipoonekana watu wa kipato kidogo ndio wanaoungua zaidi bili zikipanda. Pesa inatoka Wizara ya Nishati ya Marekani inakwenda kwa kila jimbo, jimbo linazigawa kwa mashirika ya mitaani na hao ndio wanaotuma mafundi. Kwenu Ohio unaitwa HWAP, ukifika ofisini useme hivyo watakuelewa. Wameshafanya nyumba zaidi ya milioni 7 nchi nzima, kwa hiyo sio kitu cha kujificha kichochoroni.

Sasa baba watoto. Nianze na la pesa maana ni jepesi. Watu wetu wakisikia msaada wa kipato kidogo wanamfikiria mtu anayelala chini ya daraja. Mstari wa mpango huu ni mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali, na kiwango chenyewe kinahesabu vichwa. Nyinyi mko 6, wazazi wawili, watoto watatu na mama. Kwa viwango vya 2025 familia ya watu 6 mstari ulikuwa dola 86,300 kwa mwaka. Nyinyi mna 58,000. Mko ndani, tena mbali na ukingo. Mngekuwa 4 ingekuwa 64,300 na bado mngepita. Na ukiwa hapo hapo ofisini uliza HEAP, ule mpango mwingine unaosaidia kulipia bili yenyewe ya joto, Ohio unaishia asilimia 175 ya kiwango hicho hicho, kwa watu 6 mwaka huo ilikuwa kama 75,500, nako mnaingia.

La uraia: mmekuja kama wakimbizi. Ile habari ya kuwa mzigo kwa serikali inayotisha watu haimhusu mkimbizi anapoomba grinkadi, na kwenye maombi ya uraia hakuna kabisa hicho kipimo. Wanaangalia kodi zako, tabia yako, makosa ya jinai, Kiingereza na yale maswali ya historia. Hawaulizi nani aliziba dari lako. Wasomaji wengine mnaonisoma hapa ambao karatasi zenu ni za aina nyingine, nyinyi msinukuu maneno haya, muoneni kwanza wakili wa msaada wa kisheria kabla hamjasaini kitu.

La yule kijana wa beji, mwanangu acha kujilaumu, wamepita milango mingi ya watu wetu na wanajua kabisa nyumba zipi Kiingereza ni kidogo. Alichofanya ni kukuhamishia kwa muuzaji mwingine wa gesi, ndio maana alitaka picha ya bili, alitaka namba ya akaunti. Chukua bili ya sasa tafuta sehemu iliyoandikwa jina la anayewauzia gesi, ukikuta jina geni piga kwa kampuni inayoleta bili uulize mnarudije kwenye bei ya kawaida na kama kuna faini ya kuvunja mkataba. Wakizungusha, Ohio kuna tume inayosimamia hizi kampuni, PUCO, inapokea malalamiko. Na tofauti ni hii: huu mpango haubishi hodi. Wewe ndiye unaomba, unapiga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, unawaambia uko kaunti gani unataka weatherization, wanakupa jina la shirika la kwenu. Ukiona mtu mlangoni anasema ametumwa na serikali na wewe hukuomba kitu, funga mlango, bili ibaki kabatini.

Sasa lile la "nyumba si yetu". Hili nakaa nalo kidogo kwa sababu nalisikia kila mwaka, na wanaume zetu wanalisema kwa uchungu kweli, mtu ametoka ukimbizini hana hata kiwanja halafu unamwambia apambe nyumba ya mzungu. Namwelewa. Lakini muulize swali moja tu, kwa upole, akiwa ameshakula: gesi analipa nani? Kama mwenye nyumba angekuwa analipa yeye zile 340, niamini mimi, hiyo nyumba ingekuwa imezibwa siku nyingi. Haijazibwa kwa sababu baridi inaingia kwake lakini bili inaingia kwenu. Ukuta ni wake, joto ni lenu, mmelinunua, na linatokea darini usiku kucha mkiwa mmelala. Wizara ya Nishati inasema nyumba iliyofanyiwa hii kazi inaokoa kwa wastani dola 372 au zaidi kwa mwaka. Nyinyi mna ghorofa, kuta za mbao za miaka mia na bili ya 340 kwa mwezi mmoja, mnavyovuja mna cha kuokoa. Na bure yenyewe sio bure, kodi inayokatwa kwenye mshahara wake wa weahausi kila wiki mbili ndiyo hiyo.

Kwenda kimya kimya haiwezekani hata ukitaka. Wanahitaji karatasi za mshahara za kila mtu anayefanya kazi humo ndani, vitambulisho, kadi za Social Security, bili ya gesi na ya umeme, mkataba wa nyumba. Utaziiba? Mtume mama mkwe. Ndiyo, huyo huyo. Wewe umeniandikia kumlalamikia na hujui kwamba ndiye mwenye nguvu kwenye fomu yako, maana foleni inatoa kipaumbele kwa nyumba yenye mtu wa miaka 60 na kuendelea, yenye watoto, yenye mwenye ulemavu. Nyinyi mna mzee na mna watoto, na ya pumu nayo waambie. Kaa naye mwambie mama kuna watu wanaweza kuja kupasha nyumba joto lakini mwanao hataki. Halafu wewe nenda kazini.

Nikwambie wakija wanafanya nini ili usishtuke. Kwangu walikuja 2013. Mlangoni wakafunga fremu yenye kitambaa chekundu na feni kubwa kwa chini, wakafunga madirisha yote wakaiwasha. Ile feni inavuta hewa ya ndani inaitupa nje, basi ya nje inatafuta pa kuingilia, kila tundu linajitaja. Fundi akaniita jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki pale mabomba yanapopenya ukutani, akaniambia simama hapa. Kanga niliyojifunga ikapepea. Mwezi wa pili, ndani ya jikoni langu, milango imefungwa! Miaka yote naosha vyombo miguu imekufa ganzi nikidhani ni uzee. Soketi za umeme zilikuwa zinapuliza. Kile kifuniko cha kupandia darini kilikuwa kinapuliza kama mtu anapooza uji. Akanipa kamera inayoona joto nikaelekeza ukuta wa chumbani, wote zambarau, akasema humu katikati hamna kitu mama, mbao mbili na hewa.

Ndio maana mafundi hawaanzi na madirisha, na hapa nikuandae maana najua unasubiri madirisha, kila anayeniandikia anasubiri madirisha. Kwa kawaida hawabadilishi. Kila wanachoweka ili kuokoa gesi lazima kirudishe gharama yake kwa gesi itakayookolewa, na dirisha jipya linakula pesa nyingi kuokoa gesi kidogo. Joto linapanda juu, likitokea darini nyumba inavuta baridi kwa chini kujaza pengo, kwenye besmenti, kwenye milango, kwenye ile plastiki yako. Ukiziba juu, chini kunatulia. Kwa hiyo wanaziba matundu ya dari, wanajaza insulesheni, vitu vya kuzuia joto lisitoroke, mara nyingi ni magazeti yaliyosagwa yakatiwa dawa ya kuzuia moto, za ukutani wanatoboa kwa nje matundu kama ya kikombe cha kahawa, wanaingiza bomba wanapuliza mpaka ukuta unashiba, wanaziba. Wanapima fanesi, wakikuta ni hatari wanaitengeneza au kuibadilisha. Wanaweka kengele za kaboni monoksaidi na za moshi. Mara nyingi wanaweka feni bafuni inayofanya kazi polepole mchana na usiku, na nakuomba msiizibe kwa kitambaa kama walivyofanya majirani zangu wakasema inaleta baridi, nyumba ikishazibwa mvuke hauna pa kutokea, na sisi tunavyochemsha sombe masaa matatu na kuanika nguo ndani, ukungu unaota ukutani, na ukungu na pumu ya mtoto ni adui.

Wataingia kila chumba, hata chako cha kulala, hata kabatini, na watapiga picha. Sio upekuzi wa polisi, wanatafuta matundu. Toa mizigo mliyorundika mbele ya fanesi (najua ipo) na vitu vya darini vishusheni kabla. Wakimaliza atakuja mkaguzi mwingine kuangalia kama kazi imefanywa sawasawa, usisaini kumaliza kitu ambacho hukukiona kwa macho.

Mwenye nyumba. Bila saini yake hawagusi, kwa hiyo hakuna kumkwepa. Lakini karatasi atakayosaini inamfunga na yeye: kanuni za serikali kuu zinakataza kupandisha kodi kwa sababu ya kazi hiyo kwa muda utakaotajwa, na faida lazima imfikie mpangaji kwanza. Omba nakala, tafuta mstari wa muda, weka mahali pamoja na vyeti vya watoto. Sehemu nyingine wanamwomba mwenye nyumba achangie kidogo, hilo waachie wao wazungumze naye. Wewe mwandikie ujumbe wa simu mfupi tu, kuna mpango wa kukagua na kurekebisha fanesi na dari bila gharama kwa mpangaji, shirika likupigie? Usiweke malalamiko, usiweke neno baridi. Mwenye nyumba akisikia fanesi itatengenezwa na mtu mwingine masikio yanasimama.

Ila udhaifu wenu ni huo mwezi kwa mwezi. Ohio mpangaji wa namna hiyo anaweza kupewa notisi ya siku 30. Sheria ya huko inakataza kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamikia ubovu, lakini kesi ni kesi, bora mkataba. Ukiwa unamwomba saini hii muombe na mkataba mpya wa mwaka, kwa pamoja, wakati ana furaha ya fanesi. Na lile paa lisemee kwa maandishi yenye tarehe, na ubaki na nakala, kwa sababu mafundi wakikuta maji yanaingia wanaahirisha kazi. Huwezi kujaza magazeti makavu chini ya paa linalovuja. Kuahirisha sio kukataa, waulize kama wana pesa ya kutengeneza vitu vya aina hiyo kwanza, sehemu nyingine zipo, na wasipokuwa nazo utakuwa umepata mtu wa tatu wa kumwambia mwenye nyumba kwamba wiki ijayo ndiyo hii.

Binti mwache asome. Ukipiga simu sema tu "Swahili interpreter please" usubiri, uombe wakuhudumie kwa lugha unayoielewa. Mtoto wa miaka 12 kumtafsiria mamake kipato cha nyumba na karatasi za mwenye nyumba, huo ni mzigo wa mtu mzima, na akikosea neno moja atajilaumu kama wewe unavyojilaumu na yule kijana.

Foleni ni ndefu, nisikufiche, miezi, pengine msimu huu wote wa baridi upite. Kwa hiyo plastiki ibandue ile ya gundi ya karatasi, nunua ile ya pakiti inayokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele, itakaa kama ngoma. Chini ya mlango wa mbele weka ule mpira wa kuziba, au shona mfuko mrefu ujaze mchele wa zamani. Badilisha kichujio cha fanesi kama hakijabadilishwa tangu mlipohamia, na najua hakijabadilishwa. Halafu, hili unisamehe, sijafika kwako lakini nimeingia sebule za watu wetu nyingi: yale makochi makubwa mmeyapanga ukutani kuzunguka chumba chote, sivyo? Joto linatokea kwenye vyuma vyenye matundu hapo sakafuni au chini ya ukuta, na kochi limeyakalia. Fanesi inaunguza gesi ya dola 340 kupasha tumbo la kochi.

Jioni mumeo akirudi mlivute lile kubwa mpaka muone tundu lilipo. Kiti cha mama kitoe jikoni kiweke pale pale, na kitenge chake.